Maneno Mapya katika Filamu za Zamani: Je, Mwalimu Ayakubali?

Utangulizi

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika Wilaya ya Chamwino atakuta darasani watoto waliokwisha kuona filamu nyingi za kigeni. Wameziona katika vibanda vya video vya sokoni, nyumbani kwa jirani mwenye televisheni, au katika simu ya kaka. Aghalabu filamu hizo huwa zimetafsiriwa, yaani juu ya sauti za waigizaji huwekwa sauti ya msimulizi ambaye wengi humwita DJ. Mtoto akiulizwa mgeni wa nyota nyingine alisema nini alipotua duniani, atajibu kwa maneno ya msimulizi. Hajui kwamba huenda mwigizaji hakusema hivyo, wala hana njia ya kujua.

Katika makala hii twakusudia kuchunguza swali ambalo wapenzi wa sinema wa nchi nyingi wamekuwa wakishindana juu yake kwa zaidi ya miaka 20. Je, ni halali kwa shabiki wa filamu ya zamani kuihariri upya na kubadili mazungumzo yaliyomo? Tutalitazama swali hili hasa kwa upande wa filamu za bunilizi za kisayansi, yaani zile hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi, kama vile safari za anga, mashine zenye akili na viumbe wa nyota nyingine. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndizo zilizofanyiwa kazi nyingi sana na mashabiki. Pili, ndizo zinazopendwa mno na watoto wa umri wa shule ya msingi.

Huenda mwanachuo akasema kwamba jambo hili ni la wenye sinema, wala halimhusu mwalimu wa Darasa la Tano. Sisi twaona kwamba lamhusu sana. Mwalimu naye kila siku husema maneno ya watu wengine mbele ya watoto: hufasiri, hufupisha, husimulia na hueleza. Sheria atakayoiona kuwa ya haki kwa mhariri wa filamu, yampasa naye aifuate darasani.

Ubadilishaji wa maneno si jambo geni kwetu

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kubadili maneno ya filamu hakukuanza na kompyuta. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika juu ya kilimo, afya na mambo kama hayo. Picha zilikuwa kimya. Maelezo yalitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, kisha sahani ikachezwa pamoja na picha. Picha zile zile, basi, ziliweza kusema kwa lugha hii au ile, kwa kadiri sahani ilivyobadilishwa. Mtazamaji wa kijijini alimwona Mwafrika mwenzake katika picha, lakini kilichosemwa juu ya Mwafrika huyo kiliamuliwa na wenye mradi.

Katika miaka ya 1990, kaseti za video zilipoenea Tanzania, walitokea wasimulizi wetu wenyewe. Aliyevuma kuliko wengi ni Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Yeye na wenzake hawakufasiri neno kwa neno. Walieleza, walitania, walitia methali, na walifananisha mambo ya ugenini na mambo tunayoyajua. Nchini Kenya, DJ Afro alijipatia sifa kwa kazi kama hiyo. Nchini Uganda wasimulizi wa Kiganda, waitwao VJ, wamefanya hivyo katika kumbi za video na katika diski. Kwa mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki, filamu ya kigeni bila msimulizi ni chakula kisicho na chumvi.

Tena, kabla ya hayo yote, tulikuwa na hadithi za kusimuliwa. Bibi wa Mvumi anaposimulia habari za fisi na sungura, hasemi maneno yale yale aliyoyasema juzi. Hufupisha watoto wakisinzia, hurefusha wakicheka. Hakuna anayemshitaki, kwa kuwa kila mtoto aliyekaa karibu na moto anajua kwamba anayesema ni bibi. Neno hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Kwa hiyo si sahihi kuanza mjadala huu kwa kusema kwamba maneno ya kazi ya sanaa hayaguswi kamwe. Katika nchi yetu yameguswa daima, na mara nyingi kwa manufaa. Linalotupasa ni kutenganisha mguso na mguso.

Namna nne za kubadili mazungumzo

Twaweza kugawanya mabadiliko ya mazungumzo katika mafungu manne. Mwanachuo ayajue yote, maana kila moja lina hukumu yake.

(a) Kufasiri. Hapa maneno huhamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Hata hili si kazi ya mashine, kwani mfasiri hulazimika kuchagua. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare inayohusu mfanyabiashara wa mji wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi, nayo ikachapishwa mwaka 1969. Neno "bepari" lina uzito ambao neno "mfanyabiashara" halina, hasa lilipotoka miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Kadhalika, tafsiri yake ya Juliasi Kaizari ya mwaka 1963 aliipitia upya, na toleo jipya likatoka mwaka 1969. Lakini jina la mfasiri limo katika jalada, na kitabu cha Kiingereza kingalipo. Msomaji anayetaka kulinganisha hana kizuizi.

(b) Kuongeza. Hapa neno hutiwa mahali ambapo hapakuwa na neno. Filamu ya Return of the Jedi ilitoka mwaka 1983 ikiwa ya tatu katika mfululizo wa Star Wars ulioanza mwaka 1977. Karibu na mwisho wake, Darth Vader, mtumishi wa mtawala mwovu, anamwona mwanawe akiteswa. Anamtazama mtawala, anamtazama mwanawe, kisha bila kusema lolote anamwinua mtawala na kumtupa. Mwaka 2011, katika toleo jipya la diski, wenye filamu walimtia kinywani neno la kukataa, akalisema mara mbili. Ni neno dogo, lakini kabla yake mtazamaji alikuwa akiisoma nafsi ya mtu katika ukimya wake. Baada yake aliambiwa la kufikiri.

Mfano wa kinyume ni Blade Runner ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 1982. Filamu hii si ya watoto, nasi twaitaja kwa faida ya mwanachuo tu. Ilipotoka mara ya kwanza, mhusika mkuu alisikika akisimulia mambo huku picha zikiendelea. Katika toleo la mwaka 1992 usimulizi huo uliondolewa, na watazamaji wengi wakaona kwamba filamu imepata kina zaidi kwa kuachwa inyamaze.

(c) Kusahihisha. Filamu hiyo hiyo ina mfano mzuri, tena wa hesabu ya darasa la chini. Mkuu wa polisi anaeleza kwamba watu-bandia sita wametoroka, na kwamba mmoja wao amekwisha kufa kwa umeme. Sita ukitoa mmoja ni watano, lakini wanaosakwa katika filamu ni wanne tu. Katika toleo la mwaka 2007 mkuu huyo anasema kwamba waliokufa ni wawili, na hesabu ikakaa sawa. Nani atapinga hesabu iliyo sahihi? Hata hivyo, kwa miaka 25 mashabiki walikuwa wakiulizana yule mmoja asiyeonekana ni nani, na wengine wakadhani kwamba ni msakaji mwenyewe. Sahihisho lilifuta kosa, na pamoja na kosa likafuta swali. Mwalimu anayesahihisha insha za watoto alifikirie jambo hili.

(d) Kupindua. Hapa maneno hubadilishwa hata kazi ikasema jambo lingine, huku sura zikibaki zile zile. Mfano ulio wazi ni Gojira ya Ishirō Honda, iliyotengenezwa Japani mwaka 1954 na kujulikana ulimwenguni kwa jina la Godzilla. Mwezi wa Machi mwaka huo, majaribio ya bomu la haidrojeni ya Marekani katika Bahari ya Pasifiki yaliwaumiza kwa mionzi wavuvi Wajapani waliokuwa katika merikebu yao. Filamu ilitoka mwezi wa Novemba. Ndani yake dubwana linaamshwa na majaribio ya mabomu, na mwishoni mtaalamu mmoja mzee anaonya kwamba majaribio yakiendelea dubwana lingine laweza kutokea mahali pengine duniani.

Mwaka 1956 filamu hiyo ilitolewa Marekani ikiwa imehaririwa. Iliyokuwa ya dakika 96 ikawa ya dakika 80. Mwigizaji Mmarekani, Raymond Burr, akatiwa ndani yake kama mwandishi wa habari anayesimulia mambo. Mazungumzo mengi juu ya mabomu yakapunguzwa au kuondolewa. Lile onyo la mwisho halikuwamo. Mahali pake msimulizi alieleza kwamba hatari imepita na kwamba dunia yaweza kuishi tena. Waliofanya hivyo walikuwa wamenunua haki za filamu, kwa hiyo hawakuiba. Lakini mtazamaji wa Marekani aliondoka akiwa ameona dubwana la Kijapani, asisikie neno ambalo Wajapani walikuwa wakimwambia yeye hasa. Mwaka 2004, miaka 50 baada ya kutolewa, filamu ya asili ilitembezwa katika majumba ya sinema ya Marekani bila kukatwa.

Je, mwenye kazi ana haki gani, na shabiki je?

Wako wanaosema kwamba suala hili ni rahisi: mwenye filamu afanye apendavyo, na shabiki asiguse. Mambo yaliyotokea hayatuonyeshi urahisi huo. Mwaka 1988 George Lucas, mwanzilishi wa Star Wars, alifika mbele ya Bunge la Marekani akapinga vikali kubadilishwa kwa filamu za zamani, kwani wakati huo makampuni yalikuwa yakizitia rangi filamu za rangi nyeusi na nyeupe. Alitetea filamu kama urithi wa taifa. Mwaka 1997 yeye mwenyewe alitoa matoleo mapya ya filamu zake tatu za kwanza yaliyotiwa picha na mambo mengi ambayo hayakuwamo. Tangu hapo ikawa vigumu kwa mtu wa kawaida kuipata filamu ya mwaka 1977 kama ilivyoonekana mwaka huo.

Mashabiki walijibu kwa njia mbili. Baadhi walihariri ili kubadilisha. Filamu ya The Phantom Menace ya mwaka 1999 haikuwaridhisha wengi, na muda si mrefu pakaenea toleo lililopunguzwa na mhariri mmoja aitwaye Mike J. Nichols, ambalo liliitwa The Phantom Edit. Lilikuwa fupi kwa dakika kadhaa, na maneno ya mhusika mmoja mcheshi, Jar Jar Binks, yalipunguzwa sana. Wengine walihariri ili kurudisha. Petr Harmáček, mpenzi wa sinema kutoka mji wa Plzeň nchini Cheki, pamoja na wenzake, waliunganisha vipande kutoka katika nakala mbalimbali ili watu waione tena filamu ya mwaka 1977. Hapa ajabu ni kwamba shabiki ndiye aliyekuwa mlinzi wa maneno ya asili, na mwenye mali ndiye aliyeyabadili.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Msingi mmoja wa mkataba huo ni kwamba mtunzi, hata akiwa ameuza kazi yake, aweza kupinga kuharibiwa au kugeuzwa kwa kazi hiyo kwa namna itakayoliumiza jina lake. Mwalimu aujue msingi huu na auheshimu. Asidhani kwamba kitu kikiisha kuingia katika simu kimekuwa cha shamba la kijiji. Lakini, kama habari ya Gojira ilivyotuonyesha, mabadiliko yaweza kuwa halali kisheria na bado yakamnyima msikilizaji haki yake. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi kumwongoza mwalimu.

Kipimo tunachokipendekeza

Katika Wilaya ya Chamwino, huko Buigiri, iko shule ya msingi ya wanafunzi wasioona. Tumtafakari mwanafunzi wa shule kama hiyo anapowekewa filamu ya safari ya anga. Chombo kinatua, mlango unafunguka, kivuli kinatokea. Yeye anasikia mngurumo tu. Ili apate filamu, hapana budi mtu amwambie: "Mlango unafunguka polepole, kiumbe mrefu anatoka, mikono yake iko wazi, hana silaha." Maneno haya hayakuandikwa na mtunzi. Tukishika kanuni kwamba maneno ya filamu yasiongezwe kamwe, tumemfungia mtoto huyu mlango. Kwa hiyo kanuni hiyo hatuwezi kuikubali.

Lakini mtazame tena mtoto huyo. Msimulizi akisema kwamba kiumbe amebeba silaha hali hana, mtoto hawezi kuhakiki. Mwenzake anayeona ataona mikono mitupu na kucheka. Yeye ataogopa, atachukia, na ataondoka na chuki ile akidhani kwamba ameipata kutoka kwa mtunzi. Mtoto huyu ndiye anayehitaji zaidi kuongezewa maneno, naye ndiye anayeweza kudanganywa kwa urahisi zaidi. Mambo haya mawili hayatengani.

Hapo ndipo tunapopata kipimo. Kadiri msikilizaji anavyokosa uwezo wa kuhakiki, ndivyo msemaji anavyofungwa zaidi na uaminifu. Mtoto anayeona lakini hajui Kiingereza wala Kijapani hayuko mbali sana na yule wa Buigiri, maana macho yake yanamwonyesha midomo ikicheza, lakini hayamwambii midomo inasema nini. Mtazamaji wa Marekani mwaka 1956 alikuwa katika hali hiyo hiyo. Bali watoto wanaomsikiliza bibi wa Mvumi hawakudanganywa, kwa kuwa walijua nani anasema.

Kutokana na hayo, mabadiliko ya mazungumzo katika filamu ya zamani, yawe ya shabiki au ya mwenye filamu, twayakubali yakitimiza masharti matatu:

1. Ijulikane kwamba maneno yamebadilishwa, na nani aliyeyabadilisha.
2. Kazi ya asili isifichwe, bali iwepo mahali inapoweza kufikiwa na anayeitaka.
3. Maneno mapya yasimsingizie mhusika nia asiyokuwa nayo, pasipo kuwaambia wasikilizaji kwamba hiyo sasa ni hadithi nyingine.

Kwa kipimo hiki Lufufu anapita sharti la kwanza bila taabu. Jina lake lilikuwa sehemu ya sifa ya filamu, na mtazamaji alijua kwamba anamsikiliza yeye. Toleo la The Phantom Edit nalo linapita, maana lilipewa jina lake lenyewe, na filamu ya mwaka 1999 haikutoweka kwa sababu yake. Toleo la Gojira la mwaka 1956 linashindwa katika sharti la pili na la tatu. Matoleo mapya ya Star Wars yanapita la kwanza na kushindwa katika la pili. Si kwa sababu Lucas alibadili, bali kwa sababu alichokibadili kilichukua nafasi ya kilichokuwapo.

Somo la mfano

Tunatoa hapa andalio fupi la somo la Kiswahili kwa Darasa la Sita, vipindi viwili vya dakika 40. Halihitaji umeme wala filamu. Zana ni ubao, chaki na karatasi.

Lengo: Hadi mwisho wa vipindi hivi, mwanafunzi aweze kuonyesha jinsi badiliko la neno moja linavyobadili nia ya msemaji, na aweze kuandika badiliko lake mwenyewe huku akilitambulisha.

Maandalizi: Mwalimu aandike mazungumzo yafuatayo katika karatasi.

Toleo A
(Chombo kutoka nyota ya mbali kimetua karibu na kisima cha kijiji wakati wa kiangazi.)
Mgeni: Nyota yetu imekauka. Tumekuja kuomba maji.
Mzee: Kisima chetu ni kimoja. Mtachota kiasi gani?
Mgeni: Kadiri mtakavyotupa.
Mzee: (Ananyamaza. Anakitazama kisima.)

Kisha aandike Toleo B katika karatasi nyingine, akibadili sehemu mbili tu. Mgeni aseme, "Kadiri tutakavyotaka," na mzee, badala ya kunyamaza, aseme, "Hapana!"

Hatua ya kwanza (dakika 20). Darasa ligawanywe makundi mawili. Kundi moja lipewe Toleo A na lingine Toleo B, bila kuambiwa kwamba yanatofautiana. Kila kundi lijibu: Mgeni huyu ni mtu wa namna gani? Je, apewe maji? Mzee anafikiri nini?

Hatua ya pili (dakika 20). Makundi yatoe majibu. Hapana shaka yatapingana. Mwalimu asiwaamulie upesi, bali awaache kila upande utetee jibu lake kwa maneno yaliyomo. Kisha matoleo yote mawili yaandikwe ubaoni bega kwa bega. Wanafunzi watafute tofauti. Watakuta kwamba katika "mtakavyotupa" mwenye uamuzi ni mwenyeji, na katika "tutakavyotaka" ni mgeni. Hapa pana nafasi nzuri ya kufundisha viambishi vya nafsi, na mwalimu asiipoteze.

Hatua ya tatu (dakika 10). Wajadili ukimya wa mzee. Mtoto wa uwanda huu mkavu anajua uzito wa kisima kimoja. Mwenye Toleo A ataeleza mawazo mengi ya mzee: huruma, hofu, hesabu ya ng'ombe na watoto wake. Mwenye Toleo B analo wazo moja tu.

Hatua ya nne (dakika 25). Kila mwanafunzi abadili neno moja au mawili ya Toleo A, kisha aandike chini yake: "Maneno haya yamebadilishwa na fulani. Neno la asili lilikuwa hili. Nimelibadili kwa sababu hii." Kazi isiyo na maelezo hayo isihesabiwe kuwa imekamilika.

Hatua ya tano (dakika 5). Wanafunzi wachache wasome kazi zao, na wenzao waseme kama sababu iliyotolewa inatosha.

Yafaa mwalimu azingatie kwamba katika hatua ya kwanza amewaficha wanafunzi jambo. Kwa hiyo hatua ya pili isiahirishwe hata siku moja. Watoto wasilale wakiwa na toleo ambalo hawajui kuwa ni toleo.

Mambo ya kujihadhari

Mwanachuo aweza kuuliza afanye nini na filamu ya zamani yenye maneno ya dharau juu ya Waafrika, wanawake au watu wenye ulemavu. Je, asiyaondoe kwa kutafsiri vizuri zaidi? Sisi twashauri asifanye hivyo. Mwalimu anayo haki ya kuchagua, na aweza kuiacha filamu hiyo au kuonyesha sehemu tu. Kuchagua si kubadili. Lakini akiionyesha na kumtia mwenye dharau maneno ya heshima, amemsafisha mtu ambaye hakujisafisha, na amewanyima watoto nafasi ya kujifunza kulijibu neno baya. Kwa madarasa ya juu ni afadhali kusimamisha picha na kusema wazi: "Hapa ametukana. Tulizungumze."

Kadhalika, mwalimu wa madarasa ya chini anayewafasiria watoto kwa Kigogo ili waelewe hadithi ya Kiswahili asione haya. Hiyo ni kazi njema. Ajizoeze tu kusema, "Kitabu kinasema hivi," anaposoma, na "Mimi nawaeleza hivi," anapoongeza. Watoto wa miaka saba huielewa tofauti hiyo wakiizoea.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba shabiki anayebadili mazungumzo ya filamu ya zamani hastahili kulaaniwa kwa sababu tu amebadili, wala kusifiwa kwa sababu tu kazi yake inafurahisha. Aulizwe kama wasikilizaji wake wanajua alichokifanya na kama wanaweza kuirudia kazi ya asili. Swali hilo hilo aulizwe mwenye filamu, na aulizwe mwalimu. Kwa wanachuo watakaokwenda shuleni tunatoa maswali haya wayajadili katika vikundi kabla ya mazoezi ya kufundisha:

1. Chagua filamu moja iliyotafsiriwa ambayo watoto wa eneo lako wanaipenda. Sikiliza dakika tano. Ni maneno gani ya msimulizi yanayofasiri, na ni yapi anayoyaongeza?
2. Andika maelezo ya dakika mbili ya tukio la filamu kwa ajili ya mwanafunzi asiyeona. Mpe mwenzako ayalinganishe na picha, akuonyeshe kila neno linalohukumu badala ya kueleza.
3. Je, sahihisho la hesabu katika Blade Runner ya mwaka 2007 lilistahili kufanywa? Tetea upande mmoja, kisha utetee wa pili.
4. Taja tukio moja katika ufundishaji ambapo mwalimu hubadili maneno ya kitabu. Atawaelezaje wanafunzi kwamba ameyabadili?